Siku Aluoch Alipokwenda Kumwona Mgonjwa Aluoch

Goita ya Aluoch haikuwa siri. Ilikaa shingoni mwake kama parachichi lililomezwa likakataa kushuka, na mtu aliyesimama kwenye geti la Nyayo Highrise aliweza kuiona kabla hajamwona Aluoch mwenyewe, akikaanga mandazi ng'ambo ya barabara. Wako wanaoapa kwamba mvua ikinyesha vifaranga walikuwa wanakimbilia kujikinga chini yake. Hao wanaongeza chumvi. Lakini ni kweli kabisa kwamba zamani Aluoch ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye matanga yote ya Kibera, na akianza hakuna aliyeuliza matanga yako wapi, watu walifuata sauti. Sasa sauti hiyo ilikuwa imebaki kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa na mchanga. Usiku alilala ameketi, mgongo ukutani, kwa sababu akijinyoosha tu uvimbe ulimkalia kooni kama mtu mzima aliyevuta kiti.

Ndiyo maana hospitali kubwa ya serikali ilipompigia simu kwamba daktari wa upasuaji amempangia Alhamisi, Aluoch aligawa mandazi ya siku hiyo bure. Jumanne asubuhi alifika dirisha la kulazwa wagonjwa na mfuko wake: gauni la kulalia, sapatu, leso mbili na kipande cha sabuni.

Kijana wa dirishani aliitwa Collins. Alibonyeza kompyuta, akasoma, akakunja uso.

"Mama, siwezi kukulaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umelazwa."

Aluoch alitazama miguu yake. Ilikuwa imesimama.

"Nimelazwa wapi?"

"Kawangware. Baraka Tele Nursing Home. Wadi ya wanawake, kitanda namba nne." Collins akasogeza macho chini ya skrini. "Ulitolewa goita. Inasema unaendelea vizuri."

Aluoch alijishika shingo. Collins akaitazama ile shingo, akarudi kwa kompyuta, akarudi tena kwa shingo.

"Kwa mashine huna goita, mama."

"Na kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu unayo, tena si kidogo. Lakini bima haiulizi macho yangu."

Daktari mwenyewe aliitwa. Alikuwa mtu mrefu mwenye vidole baridi. Akaipapasa goita pande zote, akamwambia Aluoch ameze mate, akasikiliza anavyopumua, na hakufurahishwa na alichosikia. Akasema hii kitu inabana njia ya hewa na si ya kungoja. Nafasi ya Alhamisi angemshikilia. Ikipita hiyo, arudi nyuma ya mstari, na mstari wenyewe ulikuwa mrefu kuliko reli ya kwenda Kisumu.

"Sasa nilaze basi," Aluoch akasema.

"Bima haiwezi kulipia mtu mmoja vitanda viwili, mama. Wala haiwezi kulipia goita moja kutolewa mara mbili. Sisi hapa hatuna uwezo wa kufuta kitu kilichoandikwa na hospitali nyingine. Aliyekulaza ndiye anayeweza kukutoa."

Habari ya kulipa mfukoni hakuna aliyeitaja. Hakuna anayemtania mgonjwa namna hiyo.

Aluoch alirudi Kibera na mfuko wake, na njia nzima alikuwa anajiuliza aliingiaje kwenye kitanda ambacho hajakiona. Jibu lilimngoja mlangoni pake, limeanikwa juani. Lilikuwa beseni la bluu.

Lile beseni lilitoka Kawangware. Miezi kadhaa nyuma chama chao cha akina mama, Tuinuane, kilialikwa kwenye kambi ya matibabu ya bure, na kila mwanachama angepewa beseni. Mwanamke wa Kibera unaweza kumwambia mengi asikuamini, lakini ukimwambia beseni linatolewa bure atauliza saa ngapi. Walienda wote, wamevaa sare za chama. Walipimwa presha, wakaambiwa wafungue mdomo, wakabonyeza kidole kwenye kimashine kidogo chenye taa nyekundu. Kisha simu zikaanza kulia. Ilikuwa ni bima, inamtumia kila mmoja namba za siri, na msichana wa mapokezi akawa anapita katikati yao akisema, "Mama nisomee yako. Na wewe nisomee yako." Wakamsomea, wanacheka, wanashindana nani atasoma haraka. Mabeseni yenyewe yalikuwa membamba hivi kwamba ukitia maji ya moto yanajikunja kama mtu mwenye kichomi.

Kama ingeishia hapo, ingekuwa nafuu. Lakini baada ya kambi yule msichana alianza kumpigia Aluoch simu. Kila wiki. Sauti laini, yenye heshima. "Mama, umeamkaje? Shingo inaendeleaje? Pole sana. Mama, kuna namba imeingia kwa simu yako, hebu nisomee tukuangalizie faili." Na Aluoch, ambaye mwanawe Billy alikuwa Mombasa na hupiga simu Krismasi, alikuwa akisoma zile namba kwa raha. Alimtaja msichana huyo kwenye maombi kanisani. Alisimama mbele ya watu akasema kuna mtoto wa Kawangware, jina lake Valerie, anamjali kuliko waliotoka tumboni mwake, na kanisa zima likasema amina.

Sasa aliketi kando ya beseni na ile amina ikamrudia kooni, mahali penyewe hapana nafasi. Kila namba aliyoisoma ilikuwa ruhusa yake kwa bima kulipa, na kila wiki alikuwa anafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe ili watu waingie wale ugonjwa wake. Unga wake hawakuuchukua, wala akiba yake. Wamekula goita. Kitu ambacho yeye alikibeba mchana na kukikalisha usiku, ambacho kila mwezi alilipa bima kwa sababu yake, wao walikipika, wakala, wakafuta mdomo, na kilichobaki ni yeye nacho.

Rosebella, mwenyekiti wa chama, aliusikia mkasa huo amesimama, kwa sababu yeye hakuwahi kusikia jambo lolote ameketi. Alikuwa muuza omena, mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, na kwa ubishi mtaani hapakuwa na wa kumfikia. Aluoch alipomaliza, Rosebella hakusema pole.

"Kwa hiyo mwanachama wetu amelazwa," akasema.

"Rosebella, mimi ndiye huyo mwanachama."

"Najua. Nauliza katiba ya chama inasemaje mwanachama akilazwa."

"Inasema tuende tumwone."

"Na asiyeenda?"

"Anatozwa faini."

"Basi kesho tunaenda. Na wewe unakuja. Ukikosa kumtembelea mgonjwa, faini sitakusamehe, hata kama ni wewe."

Asubuhi ya Jumatano Tuinuane waliondoka Kibera kwa miguu, wamevaa sare, na kila walichobeba kilikuwa kile ambacho watu wa ziwani hubeba wakienda kumwona mgonjwa: chupa kubwa ya uji wa wimbi, machungwa, sukari, na kuku mmoja aliyechemshwa. Walivuka Ngong Road, wakashika Naivasha Road, wakapita Riruta. Watu waliwauliza wanaenda kumwona nani. Rosebella akawa anajibu, "Aluoch, wa goita, yuko hali mbaya." Aluoch alikuwa nyuma yake na machungwa, anahema, na watu walikuwa wakimpa pole akampelekee mgonjwa.

Baraka Tele ilikuwa ghorofa mbili juu ya duka la vyuma, kwenye ploti ya mwenye hospitali, Waithaka. Ardhi ile Waithaka aliachiwa na baba yake, na kabla ya kuwa hospitali jengo lilikuwa la vyumba vya kupanga. Nusu ya watu wa mtaa huo walimlipa kodi, kwa hivyo nusu ya mtaa ilimwita mzee, naye alilipenda jina hilo. Kanisani alikuwa na kiti chake cha mbele.

Pale mapokezi aliketi msichana mwenye rasta ndefu na simu mbili mbele yake.

"Karibuni. Mnaona daktari?"

"Tumekuja kumwona mgonjwa wetu," Rosebella akasema. "Aluoch."

Msichana akabonyeza kompyuta bila kuinua macho. Mdomo wake ulizoea kazi kuliko yeye mwenyewe.

"Ah, huyo wa goita. Anaendelea poa. But saa hii si ya kuona wagonjwa. Amelala."

"Amelalia ubavu gani?" Aluoch akauliza.

"Wa kulia, mama."

"Basi amenishinda. Mimi hata ubavu siwezi."

Vidole vya msichana vikasimama. Hakuwa amemwona Aluoch tangu siku ya mabeseni, ila sauti ile ya kukwaruza alikuwa akiisikia kila wiki. Akainua uso polepole mpaka akafika shingoni.

"Umeamkaje, Valerie," Aluoch akasema.

Rosebella hakumngoja ajibu. Alikuwa ameshaelekea kwenye ngazi, ambako soja wa kulinda mlango aliyeitwa Kavoi alinyoosha mikono yote miwili kuziba njia.

"Juu hakuendwi, mama."

"Shika hii kidogo, ni moto," Rosebella akamwambia, akamkabidhi ile chupa ya uji mkono huu na sufuria ya kuku mkono ule. Kavoi alikuwa amelelewa vizuri na hangeweza kuangusha chakula. Chama kizima kikapita huku yeye anatafuta mahali pa kuweka.

Mlango wa juu uliandikwa WADI YA WANAWAKE kwa rangi nzuri ya kijani. Aluoch ndiye aliyeufungua, na joto lililotoka mle ndani lilimpiga usoni pamoja na harufu ambayo hospitali haina.

Kulikuwa na kuku. Kuku wa mayai, weupe na wa kahawia, chini ya balbu za joto, wamejaa kutoka ukuta hadi ukuta. Wanaoongeza chumvi wanasema kila kuku alikuwa na chati yake ya dawa ukutani. Hapana, chati hazikuwepo. Ila vitanda vilikuwepo vinne, hilo Waithaka hakudanganya, bado vina nailoni ya dukani, na vilikuwa na namba. Kwenye namba mbili kuku mmoja alikuwa ameatamia na akawatazama wageni kama mgonjwa aliyeamshwa. Kitanda namba nne kilikuwa kimepangwa mayai, trei juu ya trei.

Hakuna aliyecheka. Baadaye walicheka, hadithi hii ilichekesha Kibera mpaka ikachoka, lakini pale mlangoni wanawake wale walivihesabu vile vitanda kwa macho. Kila mmoja alikuwa anajiuliza kitanda chake ni kipi.

Aluoch alizishusha zile trei moja moja, bila kuvunja yai hata moja, akazipanga sakafuni. Akavua viatu. Akapanda kitandani, akaegemea ukuta, akavuta leso mpaka kiunoni.

"Nimelazwa," akasema. "Mwiteni anayetoa ruhusa."

Rosebella akafungua dirisha lililotazama barabara ya Kawangware yenyewe, na mikokoteni, na mama za mboga. Alikuwa na sauti ya sokoni. Akawatangazia watu wa chini kwamba yeyote aliyewahi kupewa beseni na hospitali hii apande aone kitanda chake na majirani zake wa wadini. Mwanzoni wakaja wawili. Kisha ngazi ikaanza kulalamika. Mzee mmoja wa Riruta alimlazimisha Valerie amsomee faili lake, akagundua kwamba mwezi wa tano alijifungua kwa upasuaji. Watoto walikuwa mapacha. Mzee akauliza kwa upole kama anaweza kuwaona.

Waithaka alifika amevaa koti la suti na gambuti, maana alitoka shambani kwake. Akasimama katikati ya kuku, akachagua tabasamu.

"Mama, kuna makosa madogo ya kompyuta hapa. Tutakuruhusu saa hii hii, twende nyumbani bila maneno. Nitakuitia gari."

"Ukiniruhusu, itaandikwa nini?"

"Itaandikwa umepona, umeenda nyumbani."

"Na goita?"

"Imetolewa."

"Imetolewa," Aluoch akarudia. "Basi nipe."

"Nikupe nini?"

"Goita yangu. Mliitoa, mkaiweka wapi? Watu wakitolewa kitu mwilini huonyeshwa. Nionyeshe, niizike, niende."

"Mama, wacha mchezo."

"Au nitoe nyuzi. Ukimshona mtu huwa unamtoa nyuzi." Aluoch akainua kidevu, akaisogeza ile shingo mpaka karibu na tai ya Waithaka. "Tafuta hapo palipokatwa. Chukua saa zako. Mimi ni mgonjwa wako, siendi mahali. Na saa sita nitataka chakula, kwa maana bima inakulipa unilishe."

Tabasamu la Waithaka likaisha. Akasema yeye ndiye aliyeleta hospitali mahali ambapo serikali haikuleta hata choo. Akasema bima yenyewe inachelewa kulipa, madai ya kweli hukaa mwaka, mtu afanyeje, afunge. Akasema kila mtu anafanya hivyo. Alisema hayo yote kwa sauti ya mtu aliyeonewa, na pengine ya kuchelewa kulipwa ilikuwa kweli. Aluoch alimsikiliza hadi mwisho.

"Mzee, hizo hasira zako na bima ni zako na bima," akasema. "Mimi kesho nisipokatwa, hii kitu itanifunga pumzi usiku mmoja nikiwa nimeketi. Hao watu watakaokuja kunizika, uwaambie ni makosa ya kompyuta."

"Sitaandika kwamba sikukupasua. Nikiandika hivyo nimejifunga mwenyewe."

"Basi nimelala," Aluoch akasema, akafunga macho. Kuku mmoja akaruka juu ya kitanda, akajikunyata miguuni pake.

Wanawake wa chama wakakaa chini kama watu wanaokesha na mgonjwa. Mmoja akaanza wimbo, ule wa kumwombea aliye kitandani, na wote wakaingia. Lakini ilipofika sehemu ambayo kwa kawaida Aluoch huichukua peke yake juu, wakamwachia, kwa mazoea tu. Aluoch akafungua mdomo. Ilitoka hewa. Wimbo ukakatika hapo, na kwenye ngazi watu wote wakasikia pale ulipokatika.

Valerie alikuwa mlangoni. Alikuwa amebeba ile kompyuta ndogo ya mapokezi mikononi. Akapita kati ya kuku, akaketi kwenye ukingo wa kitanda namba nne.

"Valerie, teremka chini," Waithaka akasema.

"Mama, ulisema kanisani kwako mnaniombea," Valerie akasema. "Uliniambia kwa simu."

"Tuliomba. Kanisa zima."

"Mliomba nini?"

"Kwamba Mungu akupe kazi nzuri."

Valerie akawa anaandika. Hakulia na hakuomba msamaha, na Aluoch hakuutaka kwa wakati ule. Alitaka kuona. Akamwambia ageuze skrini, na Rosebella akaisoma kwa sauti watu wa ngazini wasikie: mgonjwa hajawahi kulazwa hapa, upasuaji haukufanyika, goita ingalipo.

"Ukituma hiyo huna kazi," Waithaka akasema.

"Nimeelewa, boss." Akamgeukia Aluoch. "Mama, itakutumia namba. Bila hiyo haiendi. Nisomee."

Simu ikalia mfukoni mwa Aluoch. Aliishika muda mrefu, anaitazama ile namba, na Valerie akangoja ameinamisha kichwa. Kisha Aluoch akamsomea, tarakimu moja moja, kwa mnong'ono, na msichana akasogeza sikio karibu na goita ili asikosee.

Waithaka alianza kuwafukuza watu ngazini, lakini wa kwanza hakuwa tayari kutoka kabla ya kusomewa ya kwake, wala wa pili, na yule mzee wa Riruta alikuwa amekaa kabisa kwenye kitanda namba moja, anadai mapacha wake. Valerie aliwaandikia hadi betri ikaisha. Kuhusu hospitali yenyewe, msijipe matumaini sana. Kabla wiki haijaisha bango lilikuwa limepakwa rangi upya, lina jina jipya lenye neema ndani yake, na bei ya mayai Kawangware haikupanda, maana kuku waliendelea kutaga wadini. Kavoi alirudisha chupa ya uji ikiwa tupu, akasema asante.

Alhamisi alfajiri Aluoch alikuwa dirishani pa Collins. Collins akabonyeza, akasoma, akainua kidole gumba.

"Kwa mashine unayo, mama."

"Asante kwa kunirudishia," Aluoch akasema.

Walimpeleka wadini. Nesi, msichana mwenye haraka zake, akaja na kile kimashine chenye taa nyekundu, Aluoch akabonyeza kidole, simu ikalia.

"Nisomee namba, mama."

Aluoch akaiweka simu chini ya paja lake.

"Ngoja kwanza."

Akabonyeza godoro kwa ngumi. Akainama, akachungulia chini ya kitanda, hakukuta manyoya. Akamwomba nesi amwite daktari. Nesi akasema daktari ana kazi. Aluoch akasema yeye hana, atangoja. Wakavutana hivyo mpaka yule mrefu mwenye vidole baridi akatokea amevaa kofia ya kijani.

"Wewe ndiye utakayenikata?"

"Ni mimi."

"Leo?"

"Wewe ndiye wa kwanza. Chumba kiko tayari."

Hapo Aluoch akaitoa simu. Akaisoma ile namba kwa nguvu zote zilizobaki kooni, na ingawa haikuwa sauti ya matanga, wadi nzima iliisikia. Kwenye vitanda vya jirani, mmoja baada ya mwingine, wagonjwa wakageuza simu zao kifudifudi, wakamngojea daktari awafikie.